Kati Yetu na Mama Huyu, Nani Mwenye Deni?

Somo: 1 Wafalme 19:1-9, Marko 10:46-52

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu swali ninalotaka tulifikirie pamoja lilizaliwa hapo.

Miaka miwili iliyopita mama mmoja alikuja kwetu kupitia ushirika wa nyumbani. Alikuwa amekunywa chang'aa miaka mingi, na watoto wake wawili walikuwa wakilelewa na nyanya yao. Aliokoka, akakaa miezi minne bila kuonja. Sote tulifurahi, na mimi nilifurahi kupita kiasi. Wiki ya injili ilikuwa inakaribia, basi nikamwambia, "Dada, Mungu amekutendea makuu. Jumapili utasimama utoe ushuhuda." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa, pasta." Nilisikia ile sawa. Kimya kilichoitangulia sikukisikia.

Alisimama. Nikamshikia maikrofoni, na kila alipotaka kukomea njiani nikamwuliza swali lingine. Ulianza lini? Nani alikufunza? Watoto walikuwa wanakula nini siku hizo? Mwishowe akataja jambo alilofanyiwa nyumbani kwao akiwa msichana mdogo, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mama yake mzazi. Kanisa likapiga makofi. Watu wakalia. Nami nikarudi ofisini nikijiambia kwamba ibada imeenda vizuri sana.

Kumbe watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameshaingia kwa maombi ya kufunga, na wake wawili walikuwa miongoni mwao. Jumatatu habari ilikuwa imefika shuleni. Jumatano alikuwa amelewa. Hakukanyaga kanisa tena kwa miezi saba.

Nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia katika huduma, na kuna jambo nililobeba kutoka huko bila kujua. Kwenye mkopo, anayeomba ndiye anayethibitisha. Alete hati ya mshahara, alete mdhamini, alete kitu cha kuweka rehani. Akiwa ameorodheshwa CRB, mlango unaweza kufungwa. Hakuna anayeingia benki na kumwambia meneja, "Nionyeshe kwanza kama wewe unaaminika." Hivyo ndivyo nilivyomtendea huyu mama. Nilimwona kama mtu aliyeorodheshwa, anayepaswa kutuonyesha kwamba wokovu wake ni wa kweli, na ushuhuda ndio ungekuwa risiti yake kwetu.

Lakini sasa najiuliza: kati yetu na yeye, nani alipaswa kuthibitisha kwanza?

Fikiria kile tulichokuwa tunamwomba. Tulitaka afungue chumba ambacho amekifunga tangu utotoni, atuingize sote, watu mia kadhaa. Na sisi tulikuwa tumempa nini cha kuonyesha kwamba tukiingia hatutavunja kitu? Hakuna. Anayetaka kukabidhiwa kitu cha thamani ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ataweza kukitunza. Hata biashara inakubali hilo. Ni vile tu sikuwa nimejua ni nani hapo alikuwa anaomba mkopo.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliohusu watu wazima zaidi ya 9,000. Waliwauliza yaliyowapata utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kuona mama akipigwa, kuishi nyumba moja na mlevi au na mtu aliyefungwa jela. Waliopitia aina 4 au zaidi za mambo haya walikuwa kwenye hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya wale ambao hawakupitia hata moja: hatari ya ulevi, ya mihadarati, ya huzuni nzito, ya kujaribu kujiua. Si kwamba kila aliyeumizwa atalewa. Wengi waliumizwa na hawajawahi kugusa kileo. Lakini mara nyingi chupa ni dawa ambayo mtu alijiandikia mwenyewe, kwa maumivu ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Ukimnyang'anya chupa na kuyaacha maumivu pale pale, umemwacha mgonjwa bila dawa yoyote.

Tena mwili una kumbukumbu zake. Mtu aliyeumizwa akisikia mlango ukifungwa kwa kishindo, au sauti ya mwanamume ikipanda, au mkono ukimwangukia ghafla, mwili wake hurudi kule kule hata kama akili inajua iko kanisani. Sasa wapendwa, tuangalie jinsi tunavyoombea watu. Naamini katika kuwekea mikono, na nitaendelea kuwekea mikono. Lakini mama amefunga macho, wanaume wanne wamemzunguka wakipaza sauti, mmoja anamshika kichwa bila kumwuliza. Akitetemeka, tunasema ni pepo. Inawezekana ni woga tu, na sisi ndio tumeuleta.

Mzee mmoja wa kanisa aliponisikia nikisema haya alinijibu, "Pasta, na wale watoto? Wao hawakuumia?" Swali lake ni la haki. Watoto walilala njaa. Walimwona mama yao akibebwa barabarani. Maumivu ya mama yanaeleza alikotoka, lakini hayafuti aliyoyatenda, na mtu akitumia huruma kuficha hatari iliyo juu ya mtoto, huyo si mwenye huruma. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Ukijua mtoto yuko hatarini, simu ya watoto ni 116 na haitozwi pesa.

Kwa hiyo deni lipo. Lakini tuangalie anadaiwa na nani. Anadaiwa na watoto wake. Anadaiwa na mama yake mzazi, aliyeosha nguo za shule miaka yote hiyo na magoti yake yanauma. Hao ndio wenye haki ya kusema, "Tutakuamini polepole." Kusamehe kunaweza kutoka leo, kuaminika hujengwa kidogo kidogo, na sisi hatuna ruhusa ya kumharakisha nyanya yule eti kwa sababu binti yake ameokoka. Sisi wengine, tuliokaa kwenye viti tukipiga makofi, hatukuwa na deni lolote la kumdai.

Eliya alipomkimbia Yezebeli alifika jangwani akaomba afe. Huyu ni nabii aliyetoka tu kushusha moto Karmeli. Mungu angeweza kumwuliza imani yake imeenda wapi. Soma uone kilichotangulia. Alilala usingizi. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena. Akalishwa mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Kisha akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko alikoulizwa swali. Mungu anayejua yote alingoja. Mimi niliyekuwa sijui chochote sikuweza kungoja.

Na Bartimayo, kipofu wa Yeriko, shida yake ilionekana na kila mtu. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka atendewe nini. Alimwachia yeye aseme. Mtu ambaye mwili wake uliwahi kutumiwa bila ridhaa yake anahitaji sana hilo swali dogo: ungependa nini?

Aliyemrudisha mama yetu hakuwa mimi. Ni mama mmoja wa idara ya akina mama, muuza mboga, ambaye kila Alhamisi alipita kwake na unga na sukuma. Hakuuliza kitu. Alipomkuta amelewa, aliacha unga mlangoni akaenda. Mwezi wa tatu yule dada akamwambia mwenyewe, "Nimechoka." Wakaenda hospitali pamoja. Naomba hapa mnisikie vizuri: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata kifafa, hata kufa. Kumfungia mtu kama huyo chumbani kwa maombi ya kufunga bila daktari ni kumhatarisha. Na kwa wenye shida ya heroini, hospitali ya Mathari ilianza kutoa methadoni mwaka 2014. Ndugu akinywa dawa hiyo chini ya uangalizi, tusimwambie kwamba hajaokoka vya kutosha. Simu ya NACADA ni 1192, na kupiga ni bure.

Aliporudi nilienda kwake na mke wangu kumwomba msamaha. Hakuniambia "hakuna shida, pasta." Aliniambia, "Siku ile uliniuliza maswali mengi, lakini hukuniuliza kama nataka kuongea." Nilikosa la kujibu.

Tangu hapo tumebadilisha mambo machache. Mtu hutoa ushuhuda akiomba mwenyewe, na anasema anachotaka, anakomea anapotaka. Mwombaji anauliza kwanza, "Naweza kukuwekea mkono?" na jibu la hapana linapokewa bila mjadala. Dada akitaka kuombewa na dada wenzake tu, ni sawa. Na ukisikia siri ya mtu kwenye maombi, haiendi kwenye kikundi cha WhatsApp ati kama ombi la dharura. Akianguka tena, tunaenda na unga, tunapita tena Alhamisi ijayo.

Makala hii aliisoma kabla haijachapishwa. Alifuta sehemu mbili, na sikumwuliza sababu. Watoto bado wako kwa nyanya yao. Anawatembelea Jumamosi, na siku hizi nyanya huwaachia waende naye sokoni. Kanisani bado anakaa nyuma, karibu na mlango. Wahudumu wa milangoni wameombwa wasimsogeze mbele, hata siku ambayo viti vya mbele viko wazi.

Ombi: Bwana, utufanye watu ambao mtu anaweza kulala usingizi kwao, kama Eliya chini ya mti wake. Utuzuie ndimi kabla ya wakati. Amina.

Swali la ushirika wa nyumbani wiki hii: Je, kuna mtu ambaye umekuwa ukimngoja akuthibitishie kwamba amebadilika? Wewe umemwonyesha nini kwamba akikukaribia atakuwa salama?