Makindu hawakuniuliza jina

Ukitoka Mombasa kwa basi kwenda Nairobi, ukishapita Kibwezi unafika Makindu, kijimji cha reli. Endelea mbele, upite Emali, utakuta kituo kinaitwa Sultan Hamud. Huyo ni sultani wa Unguja, aliyetawala 1896 hadi 1902. Alikuja kutazama reli ikijengwa, akarudi zake, jina likabaki. Hakuwa mkazi wa pale hata kidogo, mgeni tu.

Reli ile ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, karibu 2,500 wakafa. Simba wawili wa Tsavo, wale waliokula watu mwaka 1898, wamehifadhiwa kwenye makumbusho kule Chicago. Walioliwa je, nani anawataja?

Baadaye, 1926, Masikh wa reli, wale tunaowaita Makalasinga, walijenga hekalu pale Makindu. Mpaka leo msafiri yeyote anapata chakula na pa kulala, bure. Mimi nilifika na njaa, sina kitambulisho cha maana. Nikavua viatu, nikafunga kitambaa kichwani, nikakaa chini na wengine. Chapati, dengu, chai. Nikawa nangoja tu waniulize mimi ni nani, natoka wapi. Wapi! Hakuna aliyeuliza.

Tangu siku ile swali linanisumbua: kutoandikwa jina na kutoulizwa jina, je, ni kitu kimoja?

Hapa kambini ni kidole kwanza, kadi, halafu chakula. Nilimsimulia Makindu rafiki yangu anayefanya kazi kwenye mgao, akacheka. "Ndugu yangu, bila orodha wenye nguvu watakula mara mbili, na mama mjane atarudi nyumbani na gunia tupu." Ana haki. Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Tena mgeni wa Makindu analala siku moja mbili anaondoka, sisi tuko hapa miaka. Siwezi kumwambia achome orodha yake, maana na mimi nimo.

Ila wale wa reli nao walikuwa na mikataba, yaani waliandikwa. Kuandikwa hakukuwafanya wajulikane. Na mimi pale hekaluni sikuandikwa popote, lakini mtu aliniona. Nilikuwa nakula polepole, si unajua, ili nisionekane mlafi mbele ya watu. Mzee aliyekuwa akigawa alinipita, akafika mwisho wa mstari, akageuka akaitazama sahani yangu. Akarudi na chapati mbili. Nikainua mikono yote miwili, akaziweka, akaendelea na kazi yake.