Ng'ombe, Kisima na Paa Linalovuja

Soma kwa ajili ya juma hili: Mhubiri 10:18, Yakobo 2:14-17, Mithali 27:15, Walawi 14:33-45, Zaburi 139:23, 24, Kutoka 21:33, 34, Luka 14:1-6.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 10:18.

Sabato Alasiri

Fikiria nyumba moja ya Ngulyati, wilayani Bariadi. Ina kuta za tofali, paa la bati, na chumba cha pembeni ambacho ni ghala na pia chumba cha kulala cha bibi. Humo mna magunia ya mpunga, michembe ya mwaka huu, na kitanda chake. Ni mwezi wa Novemba. Usiku wa kuamkia Sabato mvua inanyesha kwa upepo, na kabla hakujapambazuka maji yanadondoka juu ya magunia na kwenye blanketi la bibi.

Baba anawasha tochi na kutazama juu. "Nachukua ngazi," anasema. "Huyu ni ng'ombe aliyetumbukia kisimani."

Mama anajibu polepole: "Baba watoto, ng'ombe huyu yumo kisimani tangu Machi."

Wote wawili wanayakumbuka maneno ya Bwana wetu, na kila mmoja ana hoja. Je, ni halali kupanda juu ya paa siku ya Sabato? Na kama hitaji la leo limetokana na uzembe wa jana, je, bado linastahili kuitwa hitaji? Juma hili tutalichunguza swali hilo. Tutaona kwamba halihusu mabati peke yake.

Jumapili: Paa Linaponyamaza

Soma Mhubiri 10:18. Mwenye hekima anaeleza jambo gani kuhusu mikono iliyolegea na nyumba inayovuja?

Kila mkulima wa Simiyu anaujua mzunguko huu. Pamba huvunwa mvua zikiwa zimekwisha, na kwa kawaida ununuzi huanza mwezi wa Mei. Hapo ndipo fedha zinapoingia nyumbani. Lakini Juni, Julai na Agosti paa halisemi neno. Jua linawaka, sakafu ni kavu, na beseni lililokuwa likikinga maji limerudi kwenye kazi yake ya kufulia. Fedha zinakwenda kwenye mambo yanayopiga kelele: ada, deni la dukani, mahari, msiba. Mvua inaporudi, paa linafungua kinywa, na mfuko umekwisha kufungwa.

Angalia jinsi kuahirisha kunavyofanya kazi. Baba huyu hakuamua hata siku moja kwamba paa lake livuje. Kila juma alikuwa na sababu, na huenda kila sababu ilikuwa ya kweli. Hakuna siku ambayo tungeweza kumwambia, "Leo umetenda kosa." Lakini siku zile zote zikijumlishwa ndizo zilizolowesha blanketi la mama yake. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wa ukutani tunauona kila siku. Tundu la paa hujificha kwa miezi mingi, na hapo ndipo imani yetu inapopimwa: je, tunatii tunapolazimika tu, au hata pale ambapo hakuna kinachotusukuma?

*Ni jambo gani katika maisha yako limenyamaza sasa, nawe unajua kwamba halijapona?*

Jumatatu: Mvivu au Mhitaji?

Soma Yakobo 2:14-17. Maneno mazuri yasiyo na msaada yana thamani gani kwa mtu asiye na nguo wala chakula?

Kabla hatujaendelea, tujihadhari. Fungu letu la kukariri ni rahisi kuligeuza kuwa fimbo. Tunapita mbele ya nyumba ya mjane, tunaona nailoni na mawe juu ya bati lililooza, nasi tunasema moyoni, "Uvivu." Lakini Mhubiri anasema juu ya mikono inayoweza kufanya kazi na haifanyi. Hasemi juu ya mikono iliyozeeka, wala juu ya mama anayechagua kati ya bati moja na dawa ya mtoto. Marafiki wa Ayubu walijua maneno mengi ya kweli. Kosa lao ni kumtwisha mtu asiyestahili.

Tutatofautishaje? Ukisimama barabarani huwezi kujua, kwa maana paa la mvivu na paa la maskini huvuja namna ileile. Itabidi ubishe hodi, uketi na kuuliza. Na ukikuta ni uhitaji, basi neno la Mhubiri linageuka na kukutazama wewe: mikono iliyolegea sasa ni ya nani?

Wazee wa Usukuma walilielewa hili. Walikuwa na basumba, kundi la vijana wa kijiji chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, ambalo liliitwa kufanya kwa pamoja kazi iliyomzidi mtu mmoja. Kanisa lenye vijana wenye nguvu, misumari na ngazi haliwezi kumwambia mjane aende kwa amani, kisha mvua imkute vilevile alivyokuwa.

Jumanne: Tone na Tundu

Soma Mithali 27:15. Ugomvi wa nyumbani unafananishwa na nini?

Fungu hili hutumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wake. Lakini mwulize fundi yeyote wa mabati, atakuambia kwamba mahali maji yanapodondoka sipo lazima yanapoingilia. Maji hupenya kwenye msumari uliolegea karibu na kofia ya paa, yakateremka taratibu juu ya papi, kisha yakadondoka hatua kadhaa mbali na tundu. Fundi asiye makini hupaka lami juu ya pale palipolowa, na mvua ijayo inamwaibisha.

Kwa nini msumari ulegee? Mchana bati hutanuka kwa joto, na usiku hujikunja kwa baridi. Mbao nazo hukauka na kusinyaa. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hupasuka kwa jua. Hakuna kishindo kinachosikika. Ni mivutano midogo iliyorudiwa kila siku.

Katika nyumba yetu ya Ngulyati, mama alikuwa amesema tangu Machi. Baba aliita hayo "maneno". Alilisikia tone, hakulitafuta tundu. Ni mara ngapi nasi tunafanya hivyo? Kijana anaacha kuja kanisani, tunamkemea kwa kutokuja. Mzazi anakuwa mkali, tunaukemea ukali. Tunapaka lami palipolowa. Pengine msumari ulilegea mbali na hapo, miaka iliyopita, na mtu alikwisha kutuambia.

*Ni lalamiko gani la nyumbani kwako umelichoka kabla hujalichunguza?*

Jumatano: Jua Linaloonyesha

Soma Walawi 14:33-45 na Zaburi 139:23, 24. Ni nani anayetakiwa kwenda kumwambia kuhani kwamba nyumba ina kasoro?

Sheria ya pigo la nyumba ina jambo la kututafakarisha. Kuhani hazunguki kijijini akitafuta nyumba mbovu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aendaye na kusema ameona kitu. Tena kuhani anaagiza vyombo vitolewe kwanza, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Uchunguzi wa Mungu unaanza kwa rehema. Hakuna haja ya kuogopa kuuita.

Sasa fikiri jinsi matundu ya bati yanavyotafutwa. Huhitaji mvua. Saa sita mchana, wakati wa kiangazi, ingia ndani, funga mlango na madirisha, kisha tazama juu. Kila tundu litang'aa kama nyota. Liwekee alama ya mkaa kwenye papi iliyo jirani. Jua lilelile lililokusahaulisha paa ndilo linalokuonyesha mahali pa kuziba.

Lakini kuna mianya ambayo mwanga haupiti, hasa pale bati mbili zinapopandana. Hiyo hutafutwa na watu wawili: mmoja anamwaga maji juu, mwingine yupo ndani akitazama na kuita, "Hapo!" Mtu mmoja hawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Daudi aliomba achunguzwe na Mungu, na ndiyo maana Mungu ametupa wenzi, wazee wa kanisa na darasa la Shule ya Sabato. Mwombe mtu unayemwamini akae ndani na kukuambia ukweli, wakati bado ni kiangazi.

Alhamisi: Mwopoe Ng'ombe, Funika Shimo

Soma Luka 14:1-6, kisha Kutoka 21:33, 34. Mafungu haya mawili yanasema nini juu ya mnyama aliyetumbukia?

Turudi kwa baba na ngazi yake. Katika Luka, Yesu anawauliza wasikilizaji wake ni nani kati yao ambaye hangemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Haulizi kwanza ni nani aliyekiacha kisima wazi. Mateso yana haki ya kusaidiwa hata kama yameletwa na uzembe. Kwa hiyo bibi ahamishwe mara moja apelekwe penye ukavu. Magunia yavutwe, beseni liwekwe, turubai litandazwe. Na kama ukuta unalowa na kutishia kumwangukia mtu, baba apande bila kuona haya. Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na bibi ni mwanadamu.

Lakini Musa naye anasema. Aliyefungua shimo asilifunike, mnyama akatumbukia, huyo mwenye shimo atalipa. Rehema haifuti wajibu. Ikiwa bibi yuko salama na magunia yamesogezwa, basi kung'oa bati na kupigilia misumari upya ni kazi ya kesho, si ya leo. Baba asilitumie jina la ng'ombe kufunika miezi minane ya kuahirisha. Jumapili asubuhi ngazi itoke, na kabla ya ngazi litoke neno: "Mama watoto, uliniambia. Sikusikiliza." Hayo ndiyo malipo ya shimo.

Wapo wanaoikumbuka Luka tu, na kila uzembe wao unakuwa dharura. Wapo wanaoikumbuka Kutoka tu, wakamwacha bibi alale kwenye maji ili mwanawe apate fundisho. Injili inashika yote mawili. Kristo alituopoa katika shimo tulilolichimba wenyewe, wala hakutuambia kwamba shimo lile ni jema. Anatuinua, kisha anatukabidhi jembe tukalifukie.

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Mana ilipoanguka jangwani, siku ya sita watu waliokota sehemu maradufu, ili siku ya saba wapumzike (Kutoka 16). Maandalio ni kiangazi kidogo ambacho Mungu ameweka katika kila juma. Pumziko la Sabato linajengwa Ijumaa, kama vile usingizi mkavu wa Novemba unavyojengwa Julai. Leo, kabla jua halijazama, ingia ndani ya nyumba yako, funga mlango, utazame juu. Fanya hivyo pia moyoni mwako. Ukiona nyota mahali pasipostahili kuwa na nyota, mshukuru Mungu kwamba umeonyeshwa kwa mwanga kabla ya mvua.

Maswali ya Kujadili:

1. Baba au mama, ni nani aliyeyatumia vizuri zaidi maneno ya Yesu alfajiri ile? Kila mmoja alihitaji kusikia nini kutoka kwa mwenzake?

2. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo hakuna siku hata moja aliyoamua kulitenda? Toeni mifano kutoka katika kazi, ndoa na malezi.

3. Katika eneo la kanisa lenu, ni nyumba ya nani itavuja mvua zijazo? Kabla darasa halijaisha, kubalianeni nani atakwenda kubisha hodi, na lini.

4. Tunawezaje kumsaidia aliyeleta shida yake mwenyewe bila kumdhalilisha, na bila kujifanya kwamba hakukosea?