"Bado Kijana" Si Hoja

Ukitaka kumweleza mtu kwa urefu, wema au uvivu wake, Kiswahili kinakupa kivumishi papo hapo: mrefu, mwema, mvivu. Ukitaka kusema kwamba hajala chumvi nyingi, kivumishi chake hasa hukipati. "-Dogo" hupima kimo, au hutaja nani alitangulia kuzaliwa. "-Changa" ni ya mtoto wa siku chache, embe lisiloiva na taifa lililopata uhuru juzi. Inabaki nomino, kijana, ambayo tunaibandika pembeni mwa nomino nyingine: mwalimu kijana, mbunge kijana. Uzee una kitenzi chake, kuzeeka. Watu hukua, hubalehe na hupevuka, lakini kitenzi cha kuwa kijana hakuna. Je, basi, ujana ni sifa iliyomo ndani ya mtu, au ni uhusiano kati yake na wanaomwita hivyo? Nashika jibu la pili.

Matumizi yanaliunga mkono. Mdogo wangu atabaki mdogo wangu hata akifika miaka 70 na mvi zimemjaa. Mwenye miaka 45 ni mzee mbele ya wanafunzi na ni kijana barazani kwa babu zake, siku hiyo hiyo. Enzi za ukoloni mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mwajiri aliyeweza kuwa mwanawe. Neno la utoto lilitumika kutaja cheo, umri haukuhusika kabisa. Sheria nazo hazipatani. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unaanzia miaka 15 na kuishia 35, ilhali takwimu za Umoja wa Mataifa huishia 24. Mkenya wa miaka 16, basi, ni kijana kwa Afrika na mtoto kwa katiba yake. Dada yake wa miaka 30 ni kijana Nairobi, lakini katika takwimu hizo amekwisha kuvuka. Miili yao haikubadilika hata chembe kati ya hati moja na nyingine.

Atatokea wa kusema kwamba sarufi si ushahidi: Waingereza wana kivumishi cha ujana, na vijana wao hawatofautiani na wetu. Kweli, na ndiyo maana sarufi naichukua kama shahidi tu, wala siipi kiti cha hakimu. Pingamizi zito zaidi ni la mwili: mifupa hukomaa kwa wakati wake, na uzoefu hauji bila miaka. Hilo silikatai. Lakini anayetaja mifupa au uzoefu ametaja kitu kinachopimika, kwa hiyo akipime kwa mtu aliye mbele yake. Neno "kijana" halimfanyii kazi hiyo. Nyerere alikuwa na miaka 32 TANU ilipoundwa mwaka 1954. Kwa vipimo vyetu vya leo angewekwa katika baraza la vijana, asubiri zamu.

Vitabu vya dini vimelijua jambo hili zamani. Yeremia alipojitetea kwamba yeye ni mtoto, Mungu hakubishana naye juu ya umri; alimkataza kuutumia kama udhuru. Mtume Muhammad alimpa Usama bin Zayd uongozi wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa kwake kwa miaka mingi, na manung'uniko yalipozuka hakuubatilisha uteuzi. Katika visa vyote viwili umri ulikubaliwa kuwa kweli na ukakataliwa kuwa hoja. Basi anayemnyima mtu kazi, kura ya chama au nafasi ya kusema kikaoni kwa kuwa "bado kijana", aseme wazi ni ujuzi gani anaouona haupo. Akishindwa kuutaja, ampe nafasi hiyo.