Ndizi, Mpaka na Haki

Je, ni haki kwa taifa kulifungia biashara taifa jingine lililo mshindani wake? Aghalabu wanasiasa hulijibu swali hili kwa hasira, na wachumi kwa hesabu. Hasira na hesabu zina mahali pake. Lakini ndani ya swali hili mna jingine la maadili ambalo halipatiwi jibu kwa njia hizo mbili: mzigo wa katazo humwangukia nani, naye aliulizwa lini?

Hapa Kyimo, wilayani Rungwe, jambo hili si la vitabuni. Udongo wa volkano na wingi wa mvua umeifanya nchi hii kuwa shamba la migomba. Mikungu huuzwa kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, na barabara iyo hiyo huteremka hata Kasumulu, penye mpaka wa Malawi. Mwezi Machi 2025 Serikali ya Malawi ilizuia kuingizwa nchini mwake bidhaa kadhaa, miongoni mwazo mahindi, mchele, unga, tangawizi na ndizi. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia mlango ndizi za Tanzania kwa miaka kadhaa. Mwezi Aprili Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Hussein Bashe, alitoa onyo, kisha akatangaza kwamba mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili hayataingia Tanzania. Kabla ya mwezi huo kwisha, katazo liliondolewa ili mazungumzo yapate nafasi.

Wako waliosema kwamba serikali ilifanya lililoipasa, na hoja yao haifai kudharauliwa. Serikali ni mdhamini wa raia wake. Mkulima aliyelima kwa jasho akazuiwa soko na jirani, huku mazao ya jirani yakiuzwa mlangoni pake, ana haki ya kuuliza kwa nini mlango uwe wazi upande mmoja tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yamkini aliyezuia hakuyatambua maumivu ya kuzuiwa mpaka alipoonjeshwa.

Hata hivyo hoja hii ina upungufu. Husema “Malawi imetuzuia, nasi tumeizuia Malawi,” kana kwamba Malawi ni mtu mmoja mwenye tumbo moja. Aliyetia sahihi katazo yuko Lilongwe. Aliyekosa bidhaa ya kuuza yuko sokoni Karonga. Na huyo wa Karonga si mgeni kwetu: Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni watu wa asili moja na lugha zao hukaribiana sana, wametengwa na mto Songwe na ramani ya wakoloni. Kumwadhibu huyu kwa kosa la yule ni kulipa deni kwa mali ya mtu wa tatu. Tena ndizi hazingoji mkutano wa mawaziri. Serikali yaweza kusubiri mwezi. Mkungu uliokatwa hauwezi.

Msomaji mwenye kumbukumbu atapinga: mbona sisi wenyewe tulisifu katazo la biashara zamani? Kweli. Mwezi Juni 1959 Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano mjini London uliowaita Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, na Tanganyika ilipopata uhuru iliishika njia hiyo. Je, vibarua weusi wa mashamba ya Afrika Kusini hawakuumizwa? Bila shaka waliweza kuumizwa. Lakini hapa ndipo ilipo tofauti. Katazo lile liliombwa na viongozi wa wale wale waliokuwa karibu kuumia. Albert Luthuli na wenzake walikiri kwamba lingewagusa watu wao, wakasema wako tayari kulipa gharama hiyo. Tena walidai utu, wala hawakudai faida sokoni.

Basi kipimo chaweza kutajwa. Katazo la biashara huikaribia haki kadiri wenye kuubeba mzigo wake wanavyouridhia. Huikaribia dhuluma kadiri linavyotwishwa wasioulizwa. Katazo la mwezi Aprili halikuombwa na mtu wa Karonga, wala sikusikia kwamba mkulima wa Kyimo aliulizwa kabla ya yeye naye kuwekwa katika hatari ya kisasi kipya. Lililolipunguzia uzito ni kwamba lilitanguliwa na onyo, lilikuwa fupi, na liliielekea meza ya mazungumzo. Laiti lingedumu mwaka, ningeliita dhuluma bila kusita.

Tena uko mpaka usiofaa kuvukwa hata kwa siku moja. Malawi haina pwani. Sehemu ya mafuta yake ya magari na shehena nyingine hupitia bandari ya Dar es Salaam. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi za namna hii haki ya kuifikia bahari na kupitisha mali zake. Kukataa kununua tufaha la mtu ni jambo moja. Kumzibia njia ya kisimani ni jambo jingine. La kwanza ni ushindani, la pili ni ukatili.

Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo itifaki yake ya biashara ilitiwa sahihi mwaka 1996. Mikataba ya namna hii hudharauliwa kwa kuwa haina meno. Lakini palipo na mkataba, mkulima ana mahali pa kupeleka shauri lake. Usipokuwapo, hana ila kungoja ghadhabu za wakubwa zipoe. Serikali inayomtetea kwa dhati imwulize kwanza kabla ya kufunga mpaka kwa jina lake, na imfidie mikungu itakayooza.