Rubani Aliyesema "Najua"



Wapendwa vijana, Jumapili moja baada ya Misa kijana mmoja anayeendesha bodaboda alinivuta pembeni. Siku chache kabla alikuwa amempakia rafiki yake, wakateleza kwenye kona, rafiki akavunjika mguu. "Sikukusudia," akaniambia. "Sasa hiyo ni dhambi ya kuungama, au ni ajali tu?"

Sikumjibu palepale. Kwanza nilimsimulia ajali nyingine, ile iliyoua watu wengi kuliko ajali yoyote ya ndege duniani.

Ilikuwa pia Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa jirani, Gran Canaria, hivyo ndege nyingi zikaelekezwa kutua Tenerife. Kati yake zilikuwamo Boeing 747 mbili: moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ukajaa ndege, ukungu mzito ukashuka. Marubani hawakuona mbali, na waliokuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege hawakuwaona marubani.

Rubani mkuu wa KLM hakuwa mwanafunzi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha marubani wenzake kurusha ndege za aina hiyo. Lakini siku ile alikuwa amechelewa, na sheria ya saa za kazi ilikuwa inambana. Akaanza kuongeza nguvu za injini kabla ya ruhusa. Rubani msaidizi akamkumbusha kwamba ruhusa haijatoka. Akajibu kwamba analijua hilo, akasimama, akamwambia aiombe.

Mnara ukawapa maelekezo ya njia watakayofuata angani, lakini haukuwaambia waruke. Yeye akaondoka. Wakati huohuo Pan Am walikuwa wakisema redioni kwamba bado wako kwenye njia ya kurukia. Mnara nao ulikuwa ukiongea, sauti zikagongana, KLM hawakusikia vizuri. Hata hivyo mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, alishtuka. Akauliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka njiani. Rubani mkuu akamhakikishia kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza.

Sekunde chache baadaye ndege zikagongana. Watu 583 walikufa. Waliopona walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Sasa turudi kwenye swali. Je, rubani yule alitenda dhambi? Mimi na wewe hatuwezi kuihukumu roho yake, na tusijaribu. Naye alikufa palepale pamoja na abiria wake. Mimi naamini alidhani kwa dhati kwamba njia iko wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1857) inafundisha kwamba dhambi ya mauti inadai mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na akubali kwa hiari. Aliyekosea kwa sababu ya ukungu, uchovu au sauti zilizogongana redioni hakukusudia ubaya. Kwa hiyo kijana unayejitesa usiku kucha kwa kosa ambalo hukulijua wala kulitaka, pumzika. Kukosea ni sehemu ya kuwa kiumbe. Mungu pekee ndiye asiyekosea.

Lakini tusikimbilie kujifariji. Kuna kosa, halafu kuna moyo unaofanya kosa lisisahihishike. Yule mhandisi aliona hatari. Aliiuliza mara moja, tena kwa upole. Akajibiwa na mkubwa, basi, akakubali. Sisi tumelelewa na methali, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni kweli. Ila siku ile Tenerife aliyetakiwa kusikia alikuwa mkuu, na walioumia ni mamia ya watu waliokaa nyuma yake, wamefunga mikanda, wakimwamini.

Baada ya ajali hii na nyingine za miaka ile, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani jambo geni: mdogo aseme anachokiona, arudie asiposikilizwa, na mkubwa amsikilize bila kununa. Marekani pia, tangu 1976, rubani aliyekosea bila kukusudia anaweza kupeleka taarifa ya kosa lake kwa NASA. Jina lake linaondolewa, na kosa lake linawafundisha wengine. Waligundua kwamba watu wakiogopa kusema makosa yao, makosa hayaishi, yanajificha tu.

Hapo sisi Wakatoliki tungetabasamu kidogo. Hivi si tuna kiti cha kitubio? Pale unasema ukweli wako, padre anaifunga siri, na unaondoka ukiwa na kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitoa: msamaha wa Mungu. Na bado tunakwepa foleni ya maungamo mwaka mzima!

Soma pia habari ya Naamani (2 Wafalme 5). Jemadari mkubwa, lakini alipona kwa sababu mjakazi mdogo alisema, na baadaye watumishi wake wakamsihi aache hasira, aende Yordani. Angewaambia "najua", angekufa na ukoma wake.

Nilipomaliza, yule kijana wa bodaboda alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kabla ya ile kona aliniambia nipunguze mwendo. Nikamwambia tulia, najua." Hakuuliza tena kama aungame. Tena nilimwambia kitubio hakimalizi yote: aende akamwone rafiki yake, amwombe radhi, na asaidie gharama za matibabu kadiri awezavyo.

Na wewe je? Nani amekuambia kitu wiki hii ukamkata kwa "najua"? Mama? Mdogo wako? Mwenzako wa kwaya? Na kama wewe ndiye mhandisi aliyeona hatari, mbona umeuliza mara moja tu ukanyamaza? Tunapopiga kifua mwanzoni mwa Misa, tunaungama pia mema tuliyoacha kuyafanya. Kunyamaza kumo humo.

Tusali: Ee Bwana, unayejua yote, utupe masikio ya kusikia hata sauti ndogo, ujasiri wa kusema tunachokiona, na unyenyekevu wa kukiri tulipokosea. Uwapumzishe kwa amani wote waliokufa kwa makosa ya wanadamu, na wale waliokosea uwahurumie. Amina.