Amana Iliyo Chini ya Matope

Ndugu zetu Waislamu, wako kati yetu wasemao kwamba kuchungua matope na vidudu vyake si ilimu ya dini. Twataka kuwajibu kwa khabari za ndugu zetu wa Indonesia.

Katika Sumatra na Borneo viko vinamasi vikubwa vya mboji. Miti na majani huanguka majini, na kwa kukosa hewa havimaliziki kuoza, bali hulimbikana kwa maelfu ya miaka hata pengine kina kikapita mita 10. Wengi waliidhani ardhi hiyo imekufa. Wenye ilimu walipoichungua wakakuta viumbe tele. Mwaka 2006 walimtangaza samaki wa Sumatra, Paedocypris progenetica, ambaye jike lake hupevuka likiwa na urefu wa milimita 7.9 tu, naye huishi katika maji meusi machachu. Subhanallah! Nani angalimjua lau hakutafutwa?

Lakini kinamasi kikichimbwa mifereji hukauka, na mboji kavu ni kuni. Katika miaka ya 1990 serikali ya huko ilichimba mifereji ya maelfu ya kilomita katika Borneo, ili ilime mpunga katika hekta kiasi cha milioni 1. Mpunga haukustawi, uliostawi ni moto. Mwaka 1997, na tena 2015, moto uliingia chini ya ardhi ukafukuta kwa majuma mengi, na moshi ukawataabisha watu hata Malaysia na Singapore.

Ndipo mwaka 2016 Baraza la Maulamaa la Indonesia likatoa fatwa: kuchoma misitu na ardhi kwa namna iletayo madhara ni haramu, na ni haramu vile vile kusaidia, kunyamaza, au kuchuma faida kwa jambo hilo.

Zingatieni, ndugu zetu. Asiyejua hali ya mboji angedhani anamhukumu mtu achomaye majani shambani mwake, kumbe madhara yavuka bahari. Basi ilimu ya udongo imekuwa nguzo ya hukumu ya sharia.

Nasi watu wa pwani tuna mikoko, na matope yake nayo huhifadhi akiba kama hiyo, tena ndimo wanamolelewa samaki na kamba tulao. Mwenyezi Mungu ametufanya makhalifa, naye ametukanya tusiifisidi ardhi. Mlinzi asiyejua alichokabidhiwa atajibu nini siku ya kuulizwa? Wasomesheni vijana wenu ilimu hizi, wala msinyamaze mwonapo mikoko ikifyekwa ovyo.

Wabillahi tawfiq.