Gitaa Letu, Mikono ya Nani?

Baada ya masika tulimaliza gitaa la umeme. Tunasema "tulimaliza" kwa makusudi. Neno "tuliunda" ndilo lililotutia mashakani.

Lilitufikia ndani ya boksi, vipande vipande: mwili wa mbao usiopakwa chochote, shingo, nyuzi sita, vigingi vya kukazia nyuzi, na mfuko wa waya na skrubu. Sisi watatu, mchungaji na vijana wawili wa kwaya, tulikuwa hatujawahi kutengeneza hata kigoda. Jioni baada ya jioni, barazani hapa Kizimbani, tulipiga msasa mpaka vumbi la mbao likaingia kwenye chai. Vanishi ilitusumbua wiki nzima kwa sababu ya unyevu. Ukiigusa asubuhi inashika alama ya kidole. Alama moja ipo hadi leo nyuma ya gitaa, na kila mmoja wetu anamsingizia mwenzake.

Gitaa la namna hii halina tumbo la kukuza sauti kama udi wa taarabu. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya ule na kupelekwa kwenye kikuza sauti. Mafundi huziita pikapu, ingawa hazibebi karafuu. Na kama watu wasio na ufundi wanaweza kuliunganisha, ni kwa sababu Leo Fender, fundi redio wa California, alipoanza kuuza magitaa yake mwaka 1950 aliifunga shingo kwa skrubu badala ya kuigundisha. Mwenyewe hakujua kupiga gitaa.

Tulipolichomeka mara ya kwanza, likavuma kama nyuki ndani ya debe. Tukafungua, tukalehemu upya, likavuma zaidi. Siku ya tatu tulilipeleka kwa jirani yetu, fundi redio, Mwislamu, mtu wa sala tano. Alilisikiliza kidogo, akafungua kifuniko, akatuonyesha: waya wa ethi haukufika kwenye daraja linaloshika nyuzi. Akaziyeyusha kazi zetu nne za kulehemu, ambazo kwa haki zilikuwa za aibu, akazirudia moja moja. Ikamchukua kutoka baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Alipochomeka tena, mvumo ukakatika. Tukauliza kiasi gani. Akasema, "Hapana, padri wangu. Jirani ni jirani."

Jumapili kwaya iliimba kwa gitaa lile. Baada ya ibada wazee wa kanisa walisimama wakatupongeza kwa kuliunda kwa mikono yetu wenyewe. Washarika wakapiga makofi. Nasi watatu tukainamisha vichwa kwa unyenyekevu, tukanyamaza.

Tulipokuwa njiani kurudi tulianza kujitetea, na utetezi ulikuja upesi mno. Tulisema tunamlinda: huenda wenzake wasingependa kusikia kwamba ametia mkono kwenye chombo cha kanisa. Tukasema pia kwamba Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 6, anafundisha sadaka itolewe kwa siri, mkono wa kushoto usijue.

Hoja ya pili ilitutuliza kwa siku kadhaa. Kisha mmoja wa wale vijana akauliza swali ambalo mchungaji alipaswa kuliuliza kwanza: amri ile ya siri amepewa nani? Amepewa anayetoa. Aliyepokea hakuruhusiwa hapo kuficha alichotendewa. Wale wakoma kumi wa Luka 17, tisa walikwenda zao kimya, na hatujawahi kuhubiri kwamba walikuwa wanamsitiri Yesu.

Kuhusu kumlinda, tujiulize kwa ukweli: tulimwuliza? Hatukumwuliza. Tuliamua kwa niaba yake jambo ambalo kwa bahati njema lilitufaa sisi.

Katika Katekisimu Ndogo, tunayowafundisha watoto wa kipaimara, Luther anapoieleza amri ya nane haishii kwenye kutomsingizia jirani. Anataka tumtetee na kumnena vizuri. Kwa kipimo hicho kimya chetu kilikuwa ushuhuda wa uongo, ingawa hatukutamka neno lolote la uongo. Na si kila jirani aliyekusudiwa ni wa usharika wetu. Maandiko yanapoeleza jinsi Hekalu lilivyopambwa, yanasema waziwazi kwamba kazi ya shaba ilifanywa na Hiramu, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tiro (1 Wafalme 7). Mwandishi angeweza kusema "Sulemani alitengeneza" akaendelea na habari nyingine. Alimtaja fundi.

Sisi wa Kizimbani tungepaswa kulijua hili mapema. Wageni huletwa hapa kunusa viungo, nao husimuliwa habari za Saleh bin Haramil na mikarafuu yake ya mwanzoni mwa karne ya 19, na za Seyyid Said aliyelitwaa shamba. Watumwa waliopalilia na kuchuma hawana hata jina moja katika simulizi hilo. Tumezoea kusikia kwamba mtu mmoja "alileta karafuu", kana kwamba zilijipanda.

Juma lililofuata tulikwenda kwa jirani. Tulimweleza tulivyopongezwa, na kwamba tulinyamaza. Alicheka. Akasema, "Mie nimetia waya tu. Mbao si mmepiga msasa nyie?" Tukamwuliza kama tunaweza kumtaja kanisani. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kumbe lile swali tulilokuwa tumelijibu kwa niaba yake halikuwa jepesi hata kwake. Mwishowe akasema: "Jina acheni. Semeni jirani."

Ndivyo tulivyosema Jumapili, na ndivyo tunavyoandika hapa. Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha mama mmoja wa kwaya, wa makamo, akauliza mbele ya wote kwa nini hatukusema wiki ile ya kwanza. Hatukuwa na jibu zuri, tukamwambia tulipenda makofi.

Gitaa linaanza tena kuvuma kidogo likiwa karibu na feni. Jirani amesema tulipeleke Alhamisi.